Hasi 8 na hasi 3, ipi kubwa? Namba za juu na chini ya sifuri, na namna ya kuzipanga

Kila mwaka ifikapo Juni na Julai, baridi ya Nyanda za Juu Kusini inapokolea na sakitu kulala juu ya majani kule Kitulo na Makete, swali moja hutufikia kwa ujumbe mfupi. Tukitangaza kwamba mahali pamoja joto limefika nyuzi hasi 3 na pengine hasi 1, msikilizaji huuliza: sasa ni wapi kwenye baridi zaidi, na kama 3 ni kubwa kuliko 1, mbona mnasema joto limeshuka? Wazazi huuliza jambo hilohilo kwa njia yao. Mtoto ameandika -8 > -3, mwalimu ameweka mkasi, na mzazi akilitazama daftari haoni kosa liko wapi.

Swali ni la haki, na halimhusu mwanafunzi peke yake. Namba zilizo chini ya sifuri zimo kwenye simu zetu, kwenye msimamo wa ligi na kwenye friji ya chanjo ya zahanati. Anayezisoma kinyume anaweza kuharibu kitu ambacho hakitengenezeki tena. Kwa hiyo tumeona tuliandike jambo hili kwa utulivu kuliko tunavyoweza kulieleza hewani kwa dakika mbili.

Tunazungumzia namba zipi

Namba za kuhesabia kila mtu anazijua: 1, 2, 3 na kuendelea. Ukiongeza sifuri, na ukiongeza pia -1, -2, -3 na wenzao bila mwisho, kundi lote hilo linaitwa namba kamili. Zilizo juu ya sifuri ni chanya, zilizo chini yake ni hasi. Sifuri yenyewe si chanya wala si hasi. Namba chanya inaweza kuandikwa na alama au bila alama, yaani +5 na 5 ni kitu kimoja. Alama ya hasi haiachwi kamwe, na baadaye tutaona gharama ya kuiacha.

Namba kama 5 na -5 huitwa kinyume cha mwenzake, kwa sababu zinatofautiana upande tu. Zote mbili ziko hatua tano kutoka sifuri.

Jambo dogo la matamshi, maana sisi kazi yetu ni kutamka. Watu wengi husoma -3 kama "toa tatu". Ni afadhali kuzoea "hasi tatu". "Toa" ni tendo, unachukua kitu kutoka mahali. "Hasi" inataja mahali namba ilipo. Mtoto anayesikia "toa" kila mara huanza kutafuta kinachotolewa, na hesabu ya kulinganisha haina kinachotolewa.

Mstari wenyewe

Chukua karatasi na rula. Chora mstari mrefu uliolala, weka alama kila baada ya sentimita moja, kisha andika 0 kwenye alama ya katikati. Kwenda kulia andika 1, 2, 3. Kwenda kushoto, ukianzia palepale kwenye sifuri, andika -1, -2, -3. Utapata hivi:

-8  -7  -6  -5  -4  -3  -2  -1  0  1  2  3  4  5  6  7  8

Wapo watoto ambao upande wa kushoto huuandika -1, -2, -3 kuanzia mwanzo wa karatasi, kwa kuwa mkono umezoea kuandika kutoka kushoto. Matokeo yake -3 inakaa jirani na sifuri na -1 inatupwa mbali. Mtoto wa namna hiyo hata akiijua kanuni vizuri, mstari wake utampa jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza chochote, tazama kwanza kama -1 yake imeketi karibu na sifuri.

Kanuni ni moja tu: namba iliyo kulia ni kubwa kuliko yoyote iliyo kushoto kwake. Kwa kuwa -3 iko kulia kwa -8, basi -3 ni kubwa. Tunaandika -3 > -8, au tukianzia upande wa pili, -8 < -3. Mdomo wa alama hufunguka kuelekea kwenye namba kubwa.

Kutokana na kanuni hiyo mengine yanafuata yenyewe. Namba chanya yoyote, hata iwe 1, ni kubwa kuliko namba hasi yoyote. Sifuri ni kubwa kuliko kila namba hasi, jambo linalowashangaza wengi kwa kuwa tumezoea kuifikiria sifuri kama kitu kisicho na kitu. Na zikikutana hasi mbili, iliyo mbali zaidi na sifuri ndiyo ndogo.

Karatasi si lazima. Ua uliofagiwa vizuri na kijiti vinatosha. Chora mstari ardhini, weka jiwe penye sifuri, mwambie mtoto asimame kwenye -8 kisha atembee kwenda -3. Muulize ametembea kuelekea wapi. Ametembea kulia, kwa hiyo namba imeongezeka. Kipimajoto cha ukutani nacho ni mstari uleule uliosimamishwa wima, ambapo kulia kumekuwa juu na kushoto kumekuwa chini.

Neno "kubwa" na mama mkubwa

Sasa tufike kwenye shina la matatizo. Kwa maoni yetu ugumu hautoki kwenye hesabu, unatoka kwenye neno. Tukisikia "kubwa" tunafikiria wingi au ukubwa wa umbo: mzigo mkubwa, hasara kubwa, baridi kubwa. Mtu akiona 8 ndani ya -8, macho yanaona wingi wa nane na mdomo unasema kubwa.

Lakini Kiswahili hichohicho kina "kubwa" ya pili, na tunaitumia kila siku bila kujikwaa. Dada yake mama aliyemtangulia kuzaliwa tunamwita mama mkubwa. Anaweza kuwa mwembamba, mfupi, wa kilo hamsini, na mdogo wake akawa na mwili wa kujaza mlango. Hakuna anayebisha. Huyu ni mkubwa kwa sababu ya nafasi yake kwenye mfululizo wa kuzaliwa, na mama mdogo ataitwa mdogo hata awe na umbo gani.

"Kubwa" ya kwenye mstari wa namba ni ya aina hiyo. Inahusu nafasi. -3 ni kubwa kuliko -8 kwa sababu ya mahali ilipo, wala hatusemi kwamba tatu ni nyingi kuliko nane. Ukitaka kuzungumzia ule unane wa -8, sema umbali wake kutoka sifuri. Umbali wa -8 ni 8, umbali wa -3 ni 3, na hapo nane inashinda. Maswali ni mawili na majibu ni mawili. Mtoto aliyeandika -8 > -3 amejibu swali la umbali wakati ameulizwa swali la nafasi.

Kwenye shule nyingi za serikali nchini Tanzania, mtoto husoma hisabati ya msingi kwa Kiswahili na akiingia sekondari hukutana nayo kwa Kiingereza. Jambo ambalo halikumkaa vizuri kwa lugha aliyokulia nayo halitakuwa jepesi atakapolikuta kwa lugha anayojifunza. Ndiyo maana tunaona inafaa kulimaliza mapema.

Salio lililo chini ya sifuri

Huduma za kukamilisha muamala wakati salio halitoshi, kama Songesha kwa Tanzania au Fuliza kwa Kenya, zimewafanya watu wengi waishi na namba hasi bila kuziita hivyo. Tuseme Juma anadaiwa shilingi 5,000 na Neema anadaiwa 20,000, na wote hawana senti nyingine. Tukiandika hali zao kama salio, Juma yuko -5,000 na Neema yuko -20,000.

Nani ana deni kubwa? Neema. Nani ana salio kubwa? Juma, kwa sababu -5,000 iko kulia kwa -20,000. Sentensi zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na kila moja ina "kubwa" yake.

Kila mmoja akipokea shilingi 12,000, wote wanasogea kulia hatua zilezile 12,000. Juma anavuka sifuri na kubaki na 7,000. Neema anafika -8,000, hali yake imekuwa nafuu lakini bado yuko kushoto kwa sifuri. Pengo kati yao halijabadilika: lilikuwa 15,000 na bado ni 15,000. Ukiwasogeza watu wote kwa kiasi kilekile, mpangilio wao haubadiliki. Tuliweke hilo akilini, litatusaidia mbele.

Sifuri iliyoipeleka Ghana mbele

Wapenzi wa kandanda hawahitaji kufundishwa namba hasi, maana safu ya tofauti ya mabao wanaisoma kila wiki. Tofauti hiyo ni mabao ya kufunga ukiondoa ya kufungwa, na timu zikilingana pointi ndiyo mara nyingi hutenganisha.

Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini lilitupa mfano ambao mwalimu angeweza kuutunga mwenyewe. Kundi D lilikuwa na Ujerumani, Ghana, Australia na Serbia. Ujerumani ilimaliza na pointi 6, Ghana 4, Australia 4, Serbia 3. Ghana na Australia zililingana, na nafasi iliyobaki ya kusonga mbele ilikuwa moja.

Ghana iliifunga Serbia 1-0, ikatoka 1-1 na Australia, ikafungwa 1-0 na Ujerumani. Kwa hatua za mstari: kulia moja, imesimama, kushoto moja. Imerudi penye sifuri. Australia ilianza kwa kufungwa 4-0 na Ujerumani, ikatoka sare na Ghana, kisha ikaifunga Serbia 2-1. Kushoto nne, imesimama, kulia moja. Imeishia -3.

Sifuri ni kubwa kuliko hasi tatu, kwa hiyo Ghana ikapita. Tazama kwamba Australia ilifunga mabao 3 katika kundi na Ghana 2 tu. Mtu aliyeona "3" ya Australia na "0" ya Ghana bila kujali alama angeweza kuapa kwamba Waaustralia wameonewa. Ghana iliendelea na kuitoa Marekani, kisha ikafungwa na Uruguay kwa penalti katika robo fainali, usiku ambao Waafrika wengi hawajausahau.

Tukizipanga tofauti za kundi lile kuanzia ndogo kwenda kubwa tunapata -3 (Australia), -1 (Serbia), 0 (Ghana), +4 (Ujerumani). Serbia ilikuwa na tofauti kubwa kuliko Australia na bado ilishika mkia, kwa sababu pointi huangaliwa kwanza. Na ukizijumlisha tofauti zote nne utapata sifuri. Haiwezi kuwa vingine, maana kila bao la kufunga ni bao la kufungwa kwa mwingine. Ukiona msimamo wa kundi ambao safu hiyo haitoi sifuri, ujue kuna namba imekosewa.

Friji ya chanjo haisamehe

Hapa ndipo tungependa msomaji akae kidogo, kwa sababu alama moja ndogo ya hasi ina uzito wa afya ya mtoto.

Chanjo nyingi zinazotolewa kwenye vituo vya afya huhifadhiwa kwenye friji kati ya nyuzi +2 na +8 za Selsiasi. Baadhi yake, kama chanjo ya homa ya ini aina ya B na ile ya pamoja inayokinga magonjwa matano, huharibika zikiganda. Hata ukiziyeyusha hazirudi kuwa kama zilivyokuwa. Ndiyo sababu wahudumu hutakiwa kusoma kipimajoto cha friji mara mbili kwa siku na kuandika.

Sasa fikiria mtu aliyesoma -2 akaandika 2. Kwenye karatasi, 2 iko salama kabisa, imo ndani ya mipaka. Kwenye friji, -2 iko hatua nne kushoto kwa mpaka wa chini, na dozi zilizomo huenda zimeganda usiku kucha. Umbali wa 2 na wa -2 kutoka sifuri ni uleule, na ndiyo maana kosa halionekani kwa anayekagua daftari. Kilichopotea ni upande.

Upo pia mtego wa pili. Chanjo ya matone ya polio, kwenye maghala makubwa inakokaa muda mrefu, huhifadhiwa ikiwa imeganda, kati ya -25 na -15. Swali: kipimajoto kikisoma -12, ghala limezidi baridi au limezidi joto? Anayefikiria kwa wingi atasema 12 ni ndogo kuliko 15, kwa hiyo limeshuka chini ya kiwango. Tuweke kwenye mstari:

-28  <  -25  <  -20  <  -15  <  -12

Mpaka wa chini ni -25, mpaka wa juu ni -15. Namba -20 imo ndani. -12 iko kulia kwa -15, kwa hiyo imevuka mpaka wa juu: chumba kimepata joto, na hatua ya kuchukua ni kuongeza ubaridi. -28 iko kushoto kwa -25, kumezidi baridi. Aliyesoma kinyume anapunguza nguvu ya mashine wakati ilipaswa aiongeze.

Wakati wa UVIKO-19 dunia nzima ilisikia habari za chanjo ya Pfizer iliyohitaji majokofu ya kati ya -90 na -60. Hapo pia, mpaka wa juu ni -60. Wenye biashara ya minofu ya samaki wanaijua -18, kiwango cha kimataifa cha samaki waliogandishwa: iwe -18 au chini ya hapo. Kwenye sharti hilo -21 inakubalika na -16 haikubaliki. Ukiona maneno "isizidi -18", usiitafute namba ambayo tarakimu yake ni ndogo kuliko 18. Tafuta iliyo kushoto.

Maziwa yetu na usawa wa bahari

Sifuri si lazima iwe ya joto au ya fedha. Kwa milima na vilindi, sifuri ni usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu yake. Uso wa Ziwa Assal huko Djibouti uko takriban mita 155 chini yake, yaani -155, na hakuna nchi kavu barani Afrika iliyo chini zaidi ya eneo lile.

Linalovutia zaidi ni sakafu za maziwa yetu matatu makubwa. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mahali penye kina kirefu ni kama mita 80. Ukishuka hatua 80 kutoka 1,134 bado uko 1,054. Sakafu yote ya Victoria, basi, iko upande wa chanya. Ziwa Nyasa lina uso kwenye mita 475 hivi na kina kinachofika mita 706 hivi. Ukishuka 706 kutoka 475 unavuka sifuri na kuishia karibu na -231. Ziwa Tanganyika lina uso kwenye mita 773 hivi na kina cha takriban mita 1,470, kwa hiyo shimo lake la chini kabisa liko karibu -697.

Mvuvi wa Kigoma aliyekaa kwenye mtumbwi yuko juu kuliko pwani yote ya Dar es Salaam, na chini yake kuna sakafu iliyo chini mno ya bahari. Tukipanga sakafu hizo kutoka ya chini: Tanganyika -697, Nyasa -231, Victoria 1,054. Na Assal ya -155? Inaingia kati ya Nyasa na Victoria, kwa sababu -155 iko kulia kwa -231. Hapa tumelinganisha uso wa Assal na sakafu za maziwa mengine, maana tunachopanga ni mwinuko wa mahali.

Namba zikiwa nyingi

Tuchukue vipimo vya mfano vya asubuhi sita: -7, 2, -1, 0, -4, 5. Kuzipanga kuanzia ndogo kwenda kubwa kuna njia zaidi ya moja, na kila mtu ashike inayomkaa.

Njia ya kawaida ni kuzitenga. Hasi zikae peke yake, sifuri katikati, chanya upande mwingine. Chanya hazina shida: 2, 5. Hasi zipange kwanza kama vile hazina alama: 1, 4, 7. Kisha geuza mpangilio na urudishe alama: -7, -4, -1. Unganisha: -7, -4, -1, 0, 2, 5. Kugeuza kunafanya kazi kwa sababu upande wa hasi ni kioo cha upande wa chanya. Ukikunja karatasi yako ya mstari penye sifuri, 4 italalia -4, na iliyokuwa ya mwisho upande mmoja itakuwa ya mwisho upande wa pili.

Njia nyingine, ambayo sisi tunaipenda zaidi, ni ile ya Juma na Neema: wasogeze wote kulia kwa hatua sawa hadi asibaki aliye hasi. Ongeza 10 kwa kila namba. Tunapata 3, 12, 9, 10, 6, 15. Hizi hata mtoto wa darasa la pili atazipanga: 3, 6, 9, 10, 12, 15. Ondoa 10 kila moja na umerudi kwenye -7, -4, -1, 0, 2, 5. Wanasayansi hufanya kitu kama hicho wanapotumia kipimo cha Kelvin. Sifuri yao wameihamishia kwenye baridi ya mwisho kabisa inayowezekana, karibu nyuzi -273 za Selsiasi, na kwa hiyo hawana haja ya hasi. Mstari wa namba huendelea kushoto bila mwisho, lakini joto lina sakafu.

Nani alianza

Namba hasi zilikuwepo kabla ya mstari. Nchini China, tangu zama za kale, wahesabuji walitumia vijiti vyekundu kwa chanya na vyeusi kwa hasi, kinyume cha wahasibu wa leo wanaoandika hasara kwa wino mwekundu. Nchini India, mwaka 628, Brahmagupta aliandika kanuni za namba hizi akiziita mali na madeni, lugha ambayo muuza duka yeyote angeielewa.

Mstari ulichelewa. John Wallis wa Uingereza, katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1685, alieleza kwa mfano wa mtu anayetembea: akienda mbele yadi 5 kisha akirudi nyuma yadi 8, yuko wapi? Yuko yadi 3 nyuma ya alipoanzia, yaani -3. Ni mchezo uleule wa kijiti na ua uliofagiwa.

Na kwamba kupanda ni kulia au juu ni makubaliano tu ya watu. Anders Celsius wa Sweden alipopendekeza kipimo chake mwaka 1742, aliweka sifuri mahali maji yanapochemka na 100 mahali yanapoganda. Kwake yeye, kadiri joto lilivyozidi ndivyo namba ilivyopungua. Baada ya kifo chake mwaka 1744 kipimo kikageuzwa kuwa kama tunavyokijua.

Kuhesabu miaka nako kuna kichekesho chake. Kati ya mwaka 1 kabla ya Kristo na mwaka 1 baada ya Kristo hakuna mwaka sifuri. Kwa hiyo kutoka mwaka 5 kabla hadi mwaka 5 baada ni miaka 9, ingawa kwenye mstari wa namba kutoka -5 hadi 5 ni hatua 10.

Maswali ya kujaribu nyumbani

Haya tunayasoma mara kwa mara hewani, na majibu tumeyaweka hapohapo ili mzazi asihangaike.

Panga kuanzia ndogo: 4, -9, 0, -2, 7, -5. Jibu ni -9, -5, -2, 0, 4, 7.

Jana alfajiri ilikuwa nyuzi -6, leo -2. Joto limepanda au limeshuka? Limepanda, nyuzi 4.

Taja namba kamili zote zilizo kati ya -4 na 2, bila kuzihesabu hizo mbili. Ni -3, -2, -1, 0 na 1, jumla tano. Wengi husahau sifuri na kusema nne.

Timu nne zimelingana pointi, tofauti za mabao ni -7, +1, -12 na 0. Kutoka juu ya msimamo kwenda chini: +1, 0, -7, -12.

La mwisho ndilo hugawanya meza ya chakula: ni kweli au si kweli kwamba kati ya namba mbili, iliyo mbali zaidi na sifuri ndiyo ndogo? Kama zote ni hasi, ni kweli. Kama zote ni chanya, si kweli, ni kinyume chake. Kama moja ni hasi na nyingine ni chanya, umbali hauna kazi: 1 ni kubwa kuliko -500, na -1 ni ndogo kuliko 500.